Kabla Hujaitwa Mwenye Nyumba

(Mada iliyosomwa na dada yetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, katika kikao cha vijana na familia baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)



  

Nilipoombwa nizungumze, niliambiwa nichague mada mwenyewe. Najua wengi mlitarajia nizungumzie fadhila za kufunga. Hilo mmelisikia na mtalisikia kwa wanaojua kuliko mimi. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya kodi ya nyumba. Msicheke. Nikiuliza hapa ni nani aliye mpangaji, mikono mingi itainuka. Nikiuliza ni nani nyumbani kwao kuna vyumba viwili uani vimekaa bure na watu wanafikiria kuvikodisha, itainuka pia. Na pesa za kodi, kama mali nyingine yoyote, tutaulizwa tulizipata vipi na tulizitumia wapi.

Sisi nyumbani lilitufika suala hili mwaka jana. Babangu, Allah amrehemu, alituachia nyumba hapa Mombasa, na uani kuna vyumba viwili, kila kimoja na choo chake. Alivijenga polepole kwa miaka, tofali kwa tofali, akiwatarajia wageni kutoka Lamu. Baada ya kufa kwake vikawa stoo ya makochi mabovu. Mamangu akasema: "Tuvikodishe. Elfu sita sita, tupate karo ya ndugu yenu." Ndugu yangu yuko kidato cha nne, ana miaka kumi na minane. Ami yangu akasema hiyo ni akili ndogo, tukope benki tupandishe ghorofa, tupate vyumba vinane, nyumba ijilipe yenyewe. Mimi kwa kuwa niko chuo, nikaambiwa: "Wewe msomi, andika hesabu."

Nikaandika. Elfu kumi na mbili mara kumi na mbili, ni shilingi 144,000 kwa mwaka. Mamangu alifurahi. Mpaka tunamaliza kunywa chai, zile pesa zote zilikuwa zishatumika: karo, sare, deni la duka, na mchango wa arusi ya binamu yetu. Na mpangaji mwenyewe hatujamuona bado.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka mwenye nyumba mmoja Nairobi.

Mwaka wangu wa pili chuoni tulikuwa wasichana watatu tumepanga chumba kimoja mtaani. Mkopo wetu wa masomo ukachelewa. Tukamwendea mwenye nyumba tarehe moja, tukamweleza kwa adabu, tukamwomba atupe wiki mbili. Akanyamaza. Tarehe sita jioni tukarudi kutoka darasani tukakuta mlango una kufuli la pili. Ilikuwa wakati wa mitihani. Vitabu vyetu vilikuwa ndani, mswala wangu ulikuwa ndani, na nguo zetu zote. Tulilala siku nne kwa marafiki, mmoja huku, mmoja kule. Nilimwombea mtu yule dua ambazo siwezi kuzitaja mbele yenu.

Tulipolipa akatufungulia, na siku ile akazungumza nasi. Wallahi sikutegemea. Alisema ana rejesho la benki kila tarehe tano, na akichelewa anapigwa faini. Kodi yetu haikuwa yake, ilikuwa ya benki kabla hatujailipa. Na tulipohama mwisho wa mwaka tukadai dipoziti yetu, hakuwa nayo. Alipakia rangi nyumba nyingine. Hakuwa mtu mwenye moyo wa jiwe. Alikuwa amebanwa, na aliyebanwa humbana aliye chini yake.

Basi nilipoangalia karatasi yangu ya 144,000, nilimuona yule mtu, na nilimuona mamangu yuko njia hiyo hiyo. Karo inatakiwa muhula ukianza, mpangaji hajalipa, sasa nani atatia kufuli la pili? Mamangu, ambaye hata paka hamfukuzi jikoni.

Kwa hivyo ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja tu: usiwe mwenye nyumba kwa kodi ambayo huwezi kuikosa. Kabla hujakodisha, hakikisha waweza kukaa miezi kadhaa bila ya pesa ile, na usilazimike kumdhulumu mtu. Ukiweza hilo, Bismillah, fungua mlango. Kama huwezi, subiri. Sasa niwaeleze tuliyojifunza njiani, maana tulikuta maswali ambayo hatukuyajua.

Swali la kwanza: nyumba ni ya nani?

Sisi tulisema "nyumba yetu" kama watu wote wasemavyo. Mwalimu wangu wa madrasa nilipomweleza, aliniuliza: "Mmesharithi?" Nikasema bado, lakini hatuna ugomvi. Akasema ugomvi haungoji mwaliko.

Marehemu akishazikwa, madeni yake yakalipwa na wasia wake ukatekelezwa, kilichobaki ni cha warithi kwa mafungu aliyoyapanga Allah (s.w.t.). Babu na bibi walitangulia, kwa hivyo kwetu sisi mama ana thumni, yaani sehemu moja kwa nane. Zinazobaki ni za watoto, wa kiume fungu mbili, wa kike fungu moja. Ami yangu aliyetaka kupandisha ghorofa hana fungu, kwa sababu marehemu ameacha mtoto wa kiume. Na kodi ya nyumba hufuata nyumba. Kwa hivyo katika kila shilingi 12,000, za mama ni 1,500, za ndugu yangu ni 5,250, zangu ni 2,625, na za mdogo wetu ni 2,625.

Mdogo wetu ana miaka saba. Hapo ndipo tuliposhtuka. Huyu ni yatima, na nyote mnajua jinsi Qur'ani, katika Surat an-Nisaa, ilivyowatisha kwa moto wale wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Zile pesa tulizozimaliza kwa chai, mchango wa arusi na deni la duka, ndani yake mlikuwa na haki ya mtoto aliyekuwa amelala chumba cha pili. Mama angeweza kutumia fungu lake kwa chakula chake, nguo zake na masomo yake mwenyewe mtoto. Kwa arusi ya binamu, hapana.

Tukaenda kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inazitambua Mahakama za Kadhi kwa mambo yetu ya ndoa, talaka na mirathi. Familia nyingi humuogopa Kadhi kama kwamba kumwendea ni kutangaza ugomvi. Sisi tulikwenda tukiwa tunapendana, tukarudi tunapendana, na kila mtu anajua chake.

Swali la pili: ardhi ni ya nani?

Wenzetu wa bara hushangaa, lakini sisi wa Mombasa twajua: waweza kumiliki nyumba usimiliki ardhi iliyo chini yake. Mwenye ardhi mwengine, mwenye nyumba mwengine, na kila mwezi hulipwa kodi ya ardhi. Yetu ni hivyo. Tukafungua bahasha ya babangu, tukakuta risiti ya mwisho ni ya miezi minane nyuma. Hakuna aliyekuwa akilipa tangu augue. Ilibidi tulipe kwanza lile deni, kisha tuzungumze na mwenye ardhi juu ya kukodisha. Kumkodisha mtu mahali ambapo wewe mwenyewe waweza kuambiwa uondoke ni kumuuzia wasiwasi.

Swali la tatu: hesabu ya mwaka mbaya inasemaje?

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliandika hesabu ya mwaka mzuri peke yake. Mwalimu akaniambia niandike ya mwaka mbaya, nikanunua daftari.

Kwanza kabla ya mpangaji kuingia. Mabati yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari. Mlango mmoja umeoza. Mita ya stima ni moja kwa nyumba nzima, na nyinyi mnajua vita vya tokeni, kila mtu husema mwenzake ndiye mwenye pasi na friji. Ikabidi kila chumba kiwe na mita yake ndogo. Tena nyumbani ni mama mjane na wasichana. Hatuwezi kuwa na mtu baki apita sebuleni kwenda chumbani kwake. Ikabidi pajengwe ukuta na mlango wa nje wa uani, ili sisi tuwe na sitara yetu na mpangaji awe na yake. Fundi akatupigia yote hayo shilingi 95,000.

Kisha mwaka wenyewe. Kutoka kwenye 144,000 toa mwezi mmoja vyumba vikae vitupu, 12,000. Toa matengenezo 15,000. Toa gari la kunyonya shimo la choo, 8,000. Toa maji, maana mfereji ukikauka hununuliwa kwa mkokoteni, 18,000. Toa kodi ya ardhi, 6,000. Zinabaki 85,000. Yaani mwaka wa kwanza mzima hazirudishi hata pesa za fundi. Karo ya ndugu yangu iko wapi hapo?

Ushuru nao. Wengi hudhani ni wa wenye maghorofa tu, na wengine hudhani kila chumba chatozwa. Sheria ya ushuru wa kila mwezi wa kodi za nyumba za kuishi imewekwa kwa anayepokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka mpaka milioni 15. Kiwango kilikuwa asilimia 10 ya kodi yote, bila kutoa gharama, na tangu Januari 2024 kikashushwa kuwa asilimia 7.5. Hulipwa KRA kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Vyumba vyetu viwili havifiki huko, lakini pato lenyewe hutajwa katika fomu ya marejesho ya mwaka. Muislamu haanzi riziki kwa uongo.

Na hapa nimjibu ami yangu, kwa heshima zake. Mkopo wa riba haufai, hilo halina mjadala kwetu. Akasema basi twende kwa benki ya Kiislamu, maana tangu 2008 Kenya tunazo. Ni kweli, na ni neema. Lakini nilimwambia: ami, mkataba wa halali huondoa riba, hauondoi tarehe. Malipo ya benki yatafika mwisho wa mwezi mpangaji akilipa, asipolipa, na vyumba vikiwa vitupu. Mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza, hajawahi kuandika hata risiti moja, aanze na vyumba vinane na deni? Ami alinuna, lakini siku hizi ndiye anayetusaidia kupiga rangi.

Swali la nne: utaagana vipi na mpangaji?

Sote tumesoma kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan katika Surat al-Qasas. Yule mzee alimuajiri kwa miaka minane, na kumi iwe ni hisani yake Musa, na akamwambia hataki kumtia mashakani. Tazameni mkataba ule: kazi inajulikana, muda unajulikana, malipo yanajulikana, na kuna ahadi ya kutotaabishana. Kukodisha nyumba nako ni ijara. Kodi ijulikane ni ngapi na hulipwa lini, muda ujulikane, ilani ya kuhama iwe ya muda gani, stima ni ya nani na maji ni ya nani. Tena yaandikwe, kwa sababu Allah (s.w.t.) katika aya iliyo ndefu kuliko zote ametuamrisha tuandike madeni. Watu wa kwetu huona haya kumwandikisha jirani. Haya hiyo hugeuka ugomvi mbele ya barza.

Paa likivuja ni juu ya mwenye nyumba. Huwezi kula kodi ya chumba ambacho mtu hawezi kulala ndani yake. Na dipoziti, jamani, dipoziti ni amana. Si bahshishi. Yetu tumeiweka kando na haiguswi, kwa sababu mimi najua uchungu wa kuidai isipatikane.

Na asipolipa? Zungumza naye. Ikishindikana, muite mzee wa mtaa, na mwisho kuna sheria. Lakini kung'oa mlango, kukata stima usiku, kutupa vyombo vya mtu nje na watoto wake wakitazama, hayo hayana njia katika dini yetu.

Mkisikia hivi mtadhani nawaambia msikodishe. La. Miji yetu inahitaji nyumba, na mpangaji akipata mwenye nyumba muadilifu hulala vizuri. Sisi mwisho tulikata shauri hivi. Mama aliuza bangili zake mbili, tukatengeneza ukuta na chumba kimoja kwanza, na tukaandika katika daftari kwamba ni deni lake juu ya nyumba, si zawadi, ili kesho watoto wasije wakasahau. Karo ya ndugu yangu ikatolewa katika hesabu ya kodi kabisa. Inalipwa kwa mahamri ya mama na masomo ya ziada ninayofundisha mimi wakati wa likizo. Kodi inaingia katika akaunti yake, na hatukuigusa mpaka ilipofika ya miezi mitatu.

Mpangaji wetu ni kijana na mkewe. Yeye hufanya kibarua bandarini. Mwezi wa tano kazi ikakatika. Akaja barazani, akasimama mbali, akaanza kuzungumza huku anatazama chini. Nikamjua. Mimi nimewahi kusimama hivyo. Mama hakumwacha amalize. Akamwambia: "Mwanangu, nenda katafute kazi. Mwezi huu tutauandika." Angeweza kusema hivyo kwa sababu hakuna karo iliyokuwa ikingojea zile elfu sita. Kama tungefuata karatasi yangu ya kwanza, sijui angesema nini.

Alipopata kazi akaendelea kulipa, lakini ule mwezi mmoja ukabaki. Mwezi huu mtukufu ulipoingia, mama alitaka kumsamehe. Allah (s.w.t.) ametuamrisha mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe, na akatufahamisha kwamba kusamehe ni bora zaidi. Lakini mtu husamehe chake. Katika elfu sita, za mama ni 750. Mimi nikasamehe zangu 1,312 na nusu. Ndugu yangu akasamehe 2,625 zake, baada ya kuvuta pumzi kidogo. Zikabaki 1,312 na nusu za mdogo wetu, na hizo hakuna katika sisi mwenye ruhusa ya kuzisamehe. Mama akafungua kibeti chake, akazitoa katika pesa za mahamri, akazitia katika mali ya mtoto. Kisha akapiga mstari juu ya lile deni.

Nimalizie na jambo la mwezi huu. Wengi huuliza juu ya zaka. Wanazuoni walio wengi wanasema nyumba yenyewe ya kukodisha haitolewi zaka. Kodi ndiyo ikikusanyika mkononi mwako, ikafika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni thamani ya gramu 85, na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Mwenye nyumba nyingi akae na mwalimu wake apige hesabu kabla mwezi haujaisha.

Na nyinyi vijana ambao bado hamna hata kiwanja, msidhani haya hayawahusu. Nyinyi ndio mtakaopewa kalamu na kuambiwa, "Wewe msomi, andika hesabu." Mkiandika, andikeni na jina la yatima, na mwaka mbaya, na yule mtu atakayesimama barazani siku moja akitazama chini.

Nikiwa nimesema la sawa, ni kwa tawfiki ya Allah. Nikiwa nimekosea, ni kwangu mimi na kwa shetani. Ewe Mola, turuzuku halali na ututosheleze nayo, warehemu wazazi wetu waliotangulia, utukubalie saumu zetu na swala zetu, na usitujaalie kuwa sababu ya mtu kulala nje.